Mnuno wa Mwisho wa Mwezi

Kwa miezi miwili Pumzika alikuwa ameingia sebule ile mara nyingi kuliko mgeni mwingine yeyote, na hakuwahi kukosa mahali pa kuweka mikono. Kila Jumanne na kila Ijumaa alipiga hodi, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya kochi la kahawia na kulishika goti la Mwalimu mstaafu kwa viganja vyote viwili. Leo alikuja bila begi la kazi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjamana, na mikono yake ilimning'inia kama mizigo ya mtu mwingine aliyeombwa aishikilie mara moja.

"Karibu, kijana wa goti!" alisema Mwalimu, tayari anapandisha mguu wa suruali. "Leo umependeza. Goti langu limepandishwa cheo nini?"

"Shikamoo, Mzee. Leo sikuja kwa ajili ya goti."

Mwalimu aliuachia mguu wa suruali ukabaki nusu njia. "Umekuja kwa ajili ya nini, basi?"

Pumzika alifungua mdomo, akaufunga. Jibu lilikuwa limesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe, limevaa gauni la bluu na linamtazama kwa macho yaliyomfanya asahau hata namba za kuhesabia mazoezi.

Jibu hilo lilikuwa binti wa Mwalimu. Kazini waliliita Kipimo, kwa sababu mfukoni mwa koti lake jeupe hakikosekani kile kidude cha plastiki chenye mikono miwili, cha kupimia kiungo kinakunja nyuzi ngapi. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Pumzika alikuwa msaidizi wake, na jina lake alilopewa na wazazi lilizikwa zamani na wagonjwa, kwa kuwa kila zoezi alilowafanyisha liliishia na maneno yale yale matamu: "Na pumzika." Kazi yao iligawanyika hivi. Kipimo anamchunguza mgonjwa, anaamua, anaandika mpango na kutia saini. Pumzika anauchukua ule mpango na kukaa na mgonjwa mpaka wote wawili watoke jasho. Mapenzi yalianzia hapo katikati, mahali karatasi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa sababu siku moja mkono haukuachia karatasi.

Mwalimu alipofanyiwa upasuaji wa goti, Kipimo hakuruhusiwa kumtibu baba yake mzazi, hivyo mwenzake akaandika mpango na Pumzika akatumwa nyumbani. Ndivyo mapenzi yalivyolipiwa nauli na mwajiri bila mwajiri kujua.

"Baba, Mama," alisema Kipimo, na vikombe vikagongana juu ya sinia. "Nilisema kuna mtu nataka mumwone, mkachagua Ijumaa ya leo. Ndiye huyu."

"Huyu tunamwona kila Ijumaa," alisema Mwalimu.

"Leo mwoneni vizuri."

Pale dirishani, cherehani ilinyamaza. Mama yake Kipimo, ambaye mumewe na mtaa mzima walimwita Fundi, aligeuka taratibu na kiti chake. Utepe wa kupimia ulimzunguka shingoni kama nishani, na pini kadhaa zilitokeza kati ya midomo yake. Wateja wengi wamewahi kukubali bei ya Fundi kwa sababu tu ya kuhofia zile pini.

Pumzika, kwa mazoea, alianza kupiga magoti.

"Siyo chini," alisema Fundi kwa upande wa mdomo usio na pini. "Chini unakaa ukiwa kazini. Kaa kwenye kiti, nikuone urefu."

Akakaa.

"Mwanangu ni nani yako huko kazini?"

"Ni mkuu wangu, Mama."

"Na nje ya kazi?"

"Nje ya kazi pia, Mama."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi hakucheka. "Sikuuliza kichekesho. Mnalipwa sawa?"

"Mama!" alisema Kipimo.

"Wewe mimina chai. Kijana, mnalipwa sawa?"

"Hapana, Mama. Ananizidi."

"Kidogo?"

Pumzika alimtazama Kipimo, akatazama dari, akatazama goti la Mwalimu, rafiki yake wa pekee mle ndani. "Ananizidi... vizuri tu, Mama."

"Kuzidi vizuri," alirudia Fundi. "Hicho kiasi sijawahi kukisikia."

Kipimo aliweka birika chini. "Mama, siyo siri wala siyo aibu. Nilikaa chuoni miaka mingi kumzidi. Na mgonjwa akipewa zoezi lisilomfaa, anayeitwa ofisini kujieleza ni mimi, siyo yeye. Ndiyo maana mshahara uko hivyo, kila mahali uko hivyo."

"Sikuuliza kwa nini uko hivyo. Namuuliza yeye anaishi nao vipi."

Hapo ndipo Pumzika alipaswa kunyamaza na kunywa chai. Badala yake alisimama. Alikuwa na hotuba, na mtu aliyeikariri hotuba mbele ya kioo kwa wiki nzima hana breki.

"Mama, Mzee, jambo hilo nimelishughulikia. Kuna hospitali ya mgodini, mbali kidogo, inatafuta wasaidizi wenye uzoefu. Wanalipa karibu mara mbili, kwa sababu huko watu hawapendi kwenda. Mkataba ni wa miaka mitatu. Jumatatu natia saini. Nikirudi nitakuwa na akiba, nitakuwa nimelingana na Kipimo, na nitasimama mbele yenu nikiwa mwanaume kamili."

Alisubiri makofi. Kilichosikika ni chai ikimwagika kwenye kisahani. Kipimo alikuwa anamimina, macho yakiwa kwa Pumzika, na kikombe kilishajaa zamani.

"Miaka mitatu?" alisema Kipimo.

"Itapita haraka."

"Njoo nje."

"Chai bado..."

"Njoo nje, Pumzika."

Walitoka barazani. Mlango ulifungwa kwa adabu ya kutisha. Dirisha la cherehani, hata hivyo, lilikuwa wazi, na ndani ya sebule wazee wawili waliacha kupumua kwa sauti ili wasipitwe na neno.

"Ulipanga kuniambia lini?" aliuliza Kipimo.

"Leo."

"Mbele ya mama yangu? Pamoja na chai?"

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahie nini? Kukuaga?" Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikusanya. "Hebu niambie. Kazini, mpango niliouandika mimi, unaweza kuubadilisha bila kuniuliza?"

"Aa, hata zoezi moja siwezi. Naja kwako, tunamwita mgonjwa, tunazungumza wote watatu."

"Hata kama ni zoezi la kidole?"

"Hata la kidole."

"Kumbe kidole cha mgonjwa kina heshima kuliko mimi. Maisha yangu ya miaka mitatu umeyabadilisha peke yako, umeandika, na Jumatatu unatia saini."

Pumzika alishika nguzo ya baraza. Alikuwa mtu wa kubembeleza viungo vilivyoganda, mpole mpaka wagonjwa walimsimulia mambo ya ndoa zao. Lakini hata mpole ana kona yake.

"Kwako ni rahisi kusema," alisema. "Hujui mwisho wa mwezi ulivyo upande wangu. Mshahara ukiingia simu zetu zinalia pamoja. Mimi naisoma yangu, na wewe unaigeuza yako kifudifudi mezani. Kila mwezi. Unadhani sioni?"

Kipimo aliegemea ukuta.

"Naigeuza ili usiumie," alisema.

"Ndiyo inayoniumiza. Namba siiogopi, naijua. Ila ukiificha najiona kama mtoto anayefichiwa sindano."

"Sikujua unaona."

"Nakuona kila saa, Kipimo. Ndiyo kazi yangu ya pili na hiyo hailipwi kabisa."

Alitaka kutabasamu, ikashindikana. Walitazamana. Upepo ulicheza na ncha ya gauni la bluu, na mkono wa Pumzika ulinyanyuka wenyewe kuelekea kwenye shavu la yule binti, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa bega lililoteguka. Ulikuwa umebakiza inchi mbili pale kishindo kiliposikika ndani. Kopo la vifungo la Fundi lilikuwa limeanguka, na vifungo vilikuwa vinatimua mbio sakafuni kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Wote wawili waligeukia dirishani.

Mwalimu, ambaye alikuwa amesogea karibu mno kusikiliza na kulipiga kopo kiwiko, alikuwa amechuchumaa. Hakuinama wala hakuegemea kiti. Amechuchumaa kabisa, visigino chini, makalio karibu yaguse sakafu, anaokota vifungo huku anapiga mluzi mdogo.

Ugomvi ulikatika kama umeme.

"Nyuzi mia na ishirini," alinong'ona Kipimo.

"Na tano," alinong'ona Pumzika. "Tazama kisigino."

"Kisigino kimekaa! Mia na thelathini hiyo!"

Waliingia ndani kwa kasi, mmoja akimpita mwenzake mlangoni. Mwalimu aliinua uso, kiganja kimejaa vifungo, na sura yake ikawa ile ya mwanafunzi aliyekutwa na redio chini ya godoro.

"Mzee!" alisema Pumzika. "Goti hili Jumanne liliishia nyuzi tisini!"

"Jumanne kulikuwa na baridi," alisema Mwalimu.

"Na Ijumaa iliyopita? Na ile nyingine? Nimelisukuma goti hili mpaka shati likalowa! Ulikuwa unapiga kelele!"

"Nilikuwa nalikaza."

"Baba, kwa nini?" Kipimo alishapiga magoti, kidude chake cha plastiki kimeibuka kusikojulikana, anampima baba yake huku anamkasirikia.

Mwalimu alijiinua akakaa kwenye kochi, polepole kwa ajili ya heshima, siyo kwa ajili ya goti. "Nilistaafu, nyumba ikanyamaza," alisema. "Huyu kijana anakuja mara mbili kwa wiki. Ananisikiliza. Hadithi zangu za shuleni amezisikia zote na bado anauliza ikawaje. Nikawaza, siku goti likikunja lote, ataripoti kwamba nimepona, basi. Nani atakuja tena Jumanne?" Alikohoa. "Isitoshe nilimwona anavyokanda huku macho yakiwa jikoni. Nikasema niwape muda. Goti hili limeteseka kwa ajili yenu, mjue."

"Mzee, mimi ndiye niliyetoka jasho."

"Nilikuona, mwanangu. Nilikuonea huruma sana."

Pumzika alicheka. Alicheka bila kupenda, kwa mabega, na Kipimo akainamisha kichwa juu ya goti la baba yake kuficha kwamba naye anacheka.

"Mmemaliza?" alisema Fundi.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Mumewe alikaa wima. Fundi anapotoa pini mdomoni mambo huwa mazito.

"Kijana, unafikiri nakudharau kwa sababu ya mshahara."

"Ni haki yako, Mama."

"Siyo haki yangu na siyo nia yangu. Mwalimu, waambie nani alikuwa anapata zaidi humu ndani."

Mwalimu alikitazama kifungo kimoja kwa makini. "Wewe."

"Waambie vizuri."

"Fundi alikuwa anashona sare za shule nzima," alisema Mwalimu. "Mimi nafundisha shule hiyo hiyo. Msimu wa kufungua shule, alichoingiza yeye mimi ningekiona baada ya muhula mzima."

"Na mwisho wa mwezi ulikuwa unafanya nini?"

"Tusiwachoshe watoto."

"Mwalimu."

"Nilikuwa nanuna."

"Siku tatu," alisema Fundi. "Kila mwezi. Anakuja na mshahara wake, anauweka mezani, anaangalia cherehani kama imemtukana, halafu kimya siku tatu. Chakula hakina chumvi, mlango unalia sana, watoto wanapumua vibaya. Siku ya nne anaamka anaimba. Nikapanga maisha yangu kwa huo mnuno kama watu wanavyopanga kwa mvua. Ni mume mwema, sijutii hata siku moja. Lakini siku tatu zile, kwa miaka yote ile, nilikuwa peke yangu nyumba hii hii." Alimtazama Kipimo. "Mshahara mdogo sina shida nao, mwanangu. Ninachokuogopea ni mnuno."

Mwalimu aliinuka kochini, akavuta kiti karibu na cherehani, kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusa la mkewe.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Ungenuna."

Kipimo alisimama. Alimgeukia Pumzika, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia kumweleza mgonjwa habari ngumu.

"Umesikia? Baba alikuwa ananuna siku tatu. Wewe unataka kununa miaka mitatu, mbali, tena kwa mkataba."

Pumzika alifungua mdomo kukanusha. Alijiona mbele ya kile kioo cha chumbani kwake, kifua mbele, anakariri "mwanaume kamili". Taratibu, masikio yakaanza kumwaka.

"Kumbe ni mnuno," alisema.

"Wenye begi la nguo," alisema Mwalimu, mtaalamu wa jambo hilo.

Ni wakati huo simu mbili zilipolia. Moja mezani karibu na birika, nyingine mfukoni mwa shati lililopigwa pasi. Zililia pamoja, mlio mfupi, kama zimeambiana. Mkono wa Kipimo ulikwenda mezani kwa mazoea kuigeuza yake kifudifudi, ukasita hewani.

Fundi alikunja mikono. "Mlidhani niliposema mje Ijumaa hii nilikuwa naangalia kalenda ya kanisa au ya msikiti? Najua mwajiri wenu analipa lini."

"Mama, ulitutega!" alisema Kipimo.

"Sana. Mpe simu yako. Kijana asome kwa sauti, yake na yako. Mimi sitaangalia namba, nitaangalia uso."

Kipimo aliichukua simu. Alimtazama Pumzika, na macho yake hayakuamuru wala hayakuomba radhi, yaliuliza tu. Pumzika akaitika kwa kichwa. Kipimo akampa.

Alisoma. Namba hazitaandikwa hapa, kwa kuwa mambo ya benki ni ya heshima, lakini mlinganisho ulikuwa hivi: mshahara wa Kipimo ulikuwa mshahara wa Pumzika, ukaongezewa nusu ya mshahara wa Pumzika, na juu yake ikabaki chenji ya kutosha kununua viatu vizuri vya kuvaa ukienda kuusoma. Alipomaliza wa Kipimo alisoma wake. Haukuchukua muda.

Fundi hakupepesa. Alimkagua kijana kama anavyokagua mshono kwenye mwanga. Aliona taya likikaza, kisha akaliona linaachia.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma, Mama," alisema Pumzika. "Nikisema haiumi nitakuwa kama Mzee na goti lake. Lakini inakunja." Alimrudishia Kipimo simu, uso wa simu juu. "Mimi kazi yangu naipenda. Napenda kukaa na mgonjwa saa nzima mpaka anyanyue mkono uliokuwa umekataa. Ikitokea siku nikaenda kusoma, niende kwa sababu nataka kuandika mipango, siyo kwa sababu naikimbia simu yako. Jumatatu nitawapigia wa mgodini niwaambie watafute mwingine." Akavuta pumzi. "Na wewe, nakuomba, usiigeuze tena."

"Sitaigeuza."

"Na nikinuna?"

"Nitakuambia papo hapo, mbele ya wagonjwa."

"Usiwe mbele ya wagonjwa."

"Basi mbele ya Mama."

"Aa, mbele ya wagonjwa."

Mwalimu alipiga kofi kwenye lile goti lake, kwa nguvu ambayo goti lililopona tu ndilo lingeivumilia. "Kwa hiyo Jumanne utakuja?"

"Nitakuja, Mzee. Lakini bila kukanda. Nitaripoti kwa aliyeandika mpango kwamba umepona, halafu nitakaa kwenye kiti, nawe unisimulie ile ya mkaguzi na mbuzi."

"Hiyo si umeisikia?"

"Sijui ikawaje mwishoni. Ulianza kupiga kelele za uongo."

Fundi alivua utepe shingoni, akamwendea Pumzika na kumpiga kidogo begani. "Simama wima. Mikono pembeni. Kifua kiache, sikushonei sifa."

Pumzika alisimama. Utepe ulipita bega hadi bega, ukashuka mgongoni, ukazunguka shingo.

"Shati la nini, Mama?" aliuliza kwa woga.

"La kuvaa siku utakayokuja na wazazi wako. Hili linakubana kwapani, ndiyo maana unaropoka mambo ya mikataba."

Kipimo aliweka kiganja mdomoni. Macho yake yalijaa, na juu ya utepe, juu ya mikono ya mama yake, yakakutana na macho ya Pumzika na kukaa hapo hapo, bila haraka ya kwenda popote.

Fundi alifika kwenye kola. Aliinua uso na kumchungulia kijana kwa karibu, akitafuta mnuno kwa umakini ule anaotafutia pini iliyopotea zuliani. Hakuuona.

"Utabana pumzi mpaka lini?" alimuuliza. "Shingo inatoka pana."

"Na pumzika," alisema Kipimo.

Naye akapumzika.